USALAMA NYUMBANI: Pikipiki inakataa kuwaka

Ndugu mtumishi, umetoka kazi ya usiku, unapiga kiki mara kumi, pikipiki haiwaki. Ao inawaka vizuri, kisha inazimika katikati ya barabara na kamyo iko nyuma yako. Kwa pikipiki ya zamani yenye karburateri, mara nyingi ugonjwa ni huu: esansi haifiki, ao inafika kupita kiasi. Unaweza kutafuta sababu wewe mwenyewe, lakini kwa utaratibu.

KABLA YA KUGUSA KITU

Fanya kazi inje, mchana, mashine ikiisha kupoa. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu, unatambaa chini bila kuonekana mpaka kwenye mbabula ya bibi. Hapo unashika moto, na moto unarudi mpaka kwako. Basi mbabula, taa na sigara vikae mbali, na watoto vilevile. Weka ndoo ya mchanga karibu. Maji hayafai: esansi inaelea juu yake na moto unaenea.

TAFUTA HATUA KWA HATUA

1. Tanki. Tazama kama esansi iko, lakini usimulike kwa kiberiti. Kama ni kidogo, geuza robine kwenye rezerva. Pikipiki ikizimika kila kisha kilometa chache, na ukifungua kifuniko unasikia hewa ikiingia, kisha inawaka tena, ujue kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba. Hewa isipoingia, esansi haishuki.

2. Robine. Chomoa mpira upande wa karburateri, uelekeze ndani ya chombo, fungua robine kidogo. Esansi ishuke bila kukatika. Ikishuka tone kwa tone, safisha kichujio cha robine. Mimina esansi hiyo katika chupa ya kioo cheupe na uiache itulie. Kama maji yamo, yatakaa chini na utaona mstari. Hapo mwaga yote yaliyo katika tanki na kikombe cha karburateri ndani ya bidoni.

3. Karburateri. Katika kikombe chake floteri inaelea. Kikombe kikijaa, floteri inasukuma sindano kufunga njia. Esansi ikimwagika chini, uchafu umekwama kwenye sindano, ao floteri imetoboka na kuzama. Funga robine mara moja, wala usiwashe.

Mashine ikikubali tu ukivuta starteri, inapata hewa nyingi kuliko esansi: jikleri ndogo imeziba, ao hewa inaingia kati ya karburateri na mashine. Ikitembea vizuri polepole lakini inakosa nguvu ukifungua gazi yote, tazama jikleri kubwa. Safisha jikleri kwa kupuliza hewa. Kwa kawaida imetengenezwa kwa shaba iliyochanganywa na zinki, nayo ni laini. Ukipitisha waya wa chuma, kitundu kinapanuka na mashine itakunywa esansi siku zote.

4. Buji. Itoe uisome:
– Rangi ya kahawia: mchanganyiko ni mzuri.
– Nyeusi na kavu kama masizi: esansi ni nyingi. Tazama kichujio cha hewa, zaidi wakati wa vumbi la kiangazi, na starteri iliyokwama.
– Nyeupe: esansi ni kidogo. Usikimbize pikipiki, maana pistoni inaweza kuharibika kwa joto.
– Imelowa esansi: silinda imezama. Funga robine, kausha buji, ngoja kidogo.
Usijaribu cheche ya buji mahali esansi imemwagika.

USIFANYE HAYA

Usivute esansi kwa mdomo. Ikiingia katika mapafu, inaweza kuua. Mtu akiimeza, usimtapishe, mpeleke kwa mganga upesi.

Usiweke esansi katika chupa ya bia ao ya limonadi. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi. Hata ile chupa ya kutazamia maji, imalize papo hapo.

Usiwashe mashine ndani ya nyumba. Katika moshi wake mna sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo inalaza watu wasiamke.

Usioshe mikono kwa esansi. Tumia sabuni.

Kumbuka tena: tengeneza jambo moja, kisha jaribu. Ukigeuza visi tatu pamoja, hutajua ni ipi iliyoponya na ipi iliyoharibu. Na kama esansi ingali inavuja, isukume pikipiki kwa miguu mpaka kwa fundi. Bibi na watoto wanaweza kukungoja saa moja zaidi.