SOMO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: NAMNA YA KUCHAGUA KITI CHA AFISI KILICHO SALAMA NA CHENYE KUDUMU

Kiti ni chombo cha kazi kama ilivyo kalamu, mashine ya chapa au kompyuta. Hata hivyo, aghalabu hununuliwa kwa kutazamwa rangi yake na kugawiwa kwa kutazamwa cheo cha atakayekikalia. Desturi hiyo ina asili ya kale. Katika majumba ya Mwambao, kiti cha enzi chenye mgongo mrefu ulionyooka, kilichosukwa kwa nyuzi na kutiwa nakshi, kiliwekewa mgeni mtukufu ili aheshimike. Hakikutengenezwa kwa ajili ya karani wa kuandika kutwa. Afisi za leo zinahitaji kipimo kingine, nacho ni muda ambao mtumishi huketi. Karani wa masjala, mpiga chapa na mhasibu, ambao huinuka kwa nadra, ndio wanaostahiki kufikiriwa mwanzo.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Nam. 8 ya 2005, imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya mfanyakazi awapo kazini. Kiti kibovu kimo ndani ya wajibu huo.

1. MGONGO NA KUKETI

Baina ya pingili za uti wa mgongo mna visahani laini vinavyopokea uzito wa mwili. Katika miaka ya 1960, Profesa Alf Nachemson wa Sweden alipima shinikizo ndani ya visahani hivyo, akabaini kwamba kuketi bila ya kuegemea kunaweza kuubebesha mgongo mzigo mkubwa kuliko kusimama. Vipimo vingine vilivyofanywa Ujerumani na kutangazwa mwaka 1999, kwa mtu mmoja aliyetiwa kipimio mgongoni, vilionyesha shinikizo la megapaskali 0.50 aliposimama, 0.83 alipoketi akiwa ameinama sana mbele, na 0.27 tu alipoegemea nyuma kitini. Ingawa mtu mmoja hawezi kuwa mizani ya watu wote, tofauti ya takriban mara 3 baina ya kuinama na kuegemea inatosha kuwa funzo: egemeo la kiti si pambo.

2. VIPIMO VYA KUZINGATIWA

(a) Kimo. Kiti kizuri hupandishwa na kushushwa. Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 1335 kinataka kiti cha daraja la juu kifikie kimo cha kuanzia sentimita 40 hadi 51. Nyayo zitue sakafuni na mapaja yalale sawa. Mtumishi mfupi ambaye meza yake haishuki apatiwe kibao cha kuwekea miguu.

(b) Kikalio. Baina ya ukingo wa mbele na nyuma ya goti ipatikane nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukingo huo uwe umepinda kuelekea chini ili usibane mapaja.

(c) Egemeo. Liwe na mbinuko unaojaza uwazi wa kiuno, na liweze kulala nyuma kidogo na kurejea pamoja na mgongo wa mwenye kuketi.

(d) Mikono ya kiti. Ipokee viwiko bila ya kunyanyua mabega, wala isizuie kiti kusogea karibu na meza. Mikono isiyorekebishika ikizuia, ni afadhali kiti kisichokuwa na mikono.

Pale ambapo watumishi wawili hupokezana kiti kimoja, kila mmoja akirekebishe anapoingia zamu. Kazi hiyo haizidi dakika moja.

3. USALAMA

Kiti cha kuzunguka kiwe na miguu mitano, si minne. Sababu yake ni ya hesabu. Kiti hupinduka pale uzito unapovuka mstari unaounganisha ncha za miguu miwili iliyo jirani. Katika miguu minne mstari huo uko mbali na kitovu kwa asilimia 71 ya urefu wa mguu; katika miguu mitano, kwa asilimia 81. Tofauti hiyo ndiyo inayomwokoa mtumishi anayejinyoosha kuokota jalada lililoanguka.

Magurudumu nayo hutofautiana. Sakafu ya saruji au vigae hutaka magurudumu yenye mpira laini ili kiti kisiteleze. Zulia hutaka yaliyo magumu. Viti vingi huja na magurudumu magumu, na afisi zenye vigae hujikuta na viti vinavyokimbia kabla mtu hajaketi.

Bomba linalopandisha kiti limejazwa hewa ya naitrojeni iliyoshindiliwa kwa nguvu kubwa. Ni hatari kulitoboa, kulipiga nyundo, kulitia moto au kulichomea chuma ili kiti kisishuke. Bomba lililochoka hubadilishwa zima kwa zima. Aidha, kiti cha magurudumu si ngazi. Asikisimamie mtu kwa ajili ya kufikia kabati au kubadilisha taa.

Kuhusu uzito, kipimo cha EN 1335 kimewekwa kwa mtu asiyezidi kilo 110 anayekitumia kiti kwa saa 8 kwa siku. Mtumishi aliyezidi hapo anastahiki kiti kilichotengenezwa kwa uzito wake, na apewe kwa staha bila ya kufanyiwa mzaha.

4. KUDUMU KATIKA HALI YA HEWA YA VISIWANI

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevunyevu. Chuma kilichopakwa mng'aro mwembamba hufanya kutu kuanzia kwenye maungio. Miguu ya alumini, au ya nailoni nene, hustahamili zaidi. Ngozi ya bandia, ambayo huwavutia wengi dukani, huharibiwa na unyevu huo huo. Huanza kupasuka, kisha hubambuka vipande vipande hata kama kiti hakikutumika sana. Kitambaa kilichofumwa imara, au egemeo la wavu, hupitisha hewa, halizuii jasho na hudumu zaidi. Sponji ijaribiwe kwa kubonyezwa kwa ngumi: ikigusa ubao wa chini kwa urahisi, haitamaliza mwaka ikiwa nzima.

5. BEI NA HESABU YAKE

Ichukuliwe kwa mfano kwamba kiti cha shilingi 150,000 kinadumu mwaka 1, na cha shilingi 450,000 kinadumu miaka 6. Cha kwanza kimegharimu shilingi 150,000 kwa mwaka, na cha pili 75,000. Kile kilichoonekana rahisi kimekula fedha za umma maradufu. Kwa hiyo, kabla ya zabuni kukubaliwa, muuzaji atakiwe hati ya vipimo, muda wa dhamana kwa maandishi na uthibitisho wa kupatikana kwa vipuri. Sampuli moja ikaliwe na mtumiaji mwenyewe kwa muda usiopungua robo saa.

Pale ambapo fungu halitoshi, seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti cha msaji au mninga chenye miguu minne isiyo na magurudumu, kikalio cha kimo cha sentimita 43 hadi 45 na egemeo lililolala kidogo. Mto mdogo nyuma ya kiuno hukamilisha kazi. Kiti hicho ni bora kuliko cha kuzunguka kilichovunjika.

6. UTUNZAJI

Skrubu zikazwe kila mwezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kiti kilichopasuka mguu kiondolewe siku hiyo hiyo, kiandikwe "KIBOVU" na kirejeshwe bohari. Tabia ya kukisogeza kwa mtumishi wa chini au kukiweka kwa ajili ya wananchi waliokuja kuhudumiwa ikomeshwe. Anayeanguka huumia sawasawa, awe mkuu au mdogo.

Ieleweke pia kwamba hakuna kiti kinachouondolea mwili haja ya kutembea. Ni vyema mtumishi ainuke kila nusu saa, ingawa kwa dakika moja au mbili.

MASUALI KWA MTUNZA BOHARI KABLA YA KUTIA SAINI

(i) Je, kina miguu mitano?
(ii) Je, kinapanda, kinashuka na kubaki pale kilipowekwa?
(iii) Je, magurudumu yanalingana na sakafu ya afisi?
(iv) Je, hati ya uzito na ya dhamana zimeletwa?
(v) Je, atakayekikalia ameshakijaribu?

Jawabu moja ikiwa "hapana", mzigo usipokewe mpaka kasoro hiyo iondolewe.