Kiuno kikiuma, usikimbilie kitanda

Karani anayeinuka kitini akijishika kiuno, au abiria anayeshuka kwenye matatu kwa shida, aghalabu hudhani dawa ni kulala hadi maumivu yaishe. Sivyo. Kulala siku nyingi hulegeza misuli, na misuli ndiyo inayoushikilia uti wa mgongo.

Ndani ya tumbo mna msuli unaozunguka kiuno mfano wa mshipi. Mnamo mwaka wa 1996, watafiti Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Australia walieleza kwamba mtu asiye na maumivu akiinua mkono, msuli huo hukaza kabla ya mkono kusonga. Kwa wanaougua kiuno, ulichelewa.

Basi uzoeshe hivi. Piga magoti na uweke viganja sakafuni kama mtoto anayetambaa. Kaza tumbo kidogo huku ukipumua kama kawaida. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, mgongo usibonyee. Hesabu hadi 10, kisha ubadilishe. Rudia mara tano kila upande, kila siku, na uvumilie majuma kadhaa. Wale wanaolala chali na kuinuka-inuka mbiombio ili kitambi kiishe, huenda wakakitonesha kiuno chenyewe.

Lakini ukihisi ganzi sehemu za siri, mguu ukiishiwa nguvu, au mkojo ukikutoka bila kujua, acha mazoezi uende hospitali siku iyo hiyo.