SOMO: MAJI YA PAA LA SHULE YAISHIE WAPI?

Mvua ya milimita 20 ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 100, hushuka lita 2,000. Hesabu hiyo tuliifanya na wanafunzi baada ya kosa letu wenyewe. Katika shule moja ya mlimani tulisaidia kujenga tangi, tukasahau maji yanayofurika. Wakati wa masika yalichimba korongo kando ya vyoo, yakashusha matope na uchafu hadi kijito wanachochota akina mama.

Wanafunzi ndio waliorekebisha. Kwa kipimo cha herufi A, yaani miti mitatu, kamba na jiwe, walitafuta usawa, wakachimba makingamaji ya kukatisha mteremko (ukichimba kuelekea bondeni unaanzisha korongo jingine). Udongo waliutupa upande wa juu, na juu ya tuta wakapanda matete. Maji ya ziada ya tangi sasa huingia shimo la mawe, mbali na vyoo.

Wapendwa wanakamati, mnapoomba tangi, andikeni pia maji ya ziada yataelekezwa wapi. Wafadhili nao watuulize. Majembe ni gharama ndogo. Kinachotusumbua ni likizo ya Desemba, vuli ikiwa bado inanyesha, nani atazibua mifereji. Tunaendelea kuzungumza na walimu na wazazi.