SOMO LA WAFANYAKAZI: CHEREHANI KUUKUU SI CHUMA CHAKAVU



Somo letu la safari hii linahusu chombo ambacho wengi wetu tumekulia karibu nacho: cherehani nyeusi ya chuma, yenye nakshi za rangi ya dhahabu, ya kuzungushwa kwa mkono au kukanyagwa kwa miguu. Nyamugari ya Gitega, kama ilivyo katika mitaa mingine ya Waswahili huku Burundi, mafundi bado wanazitumia barazani na sokoni. Lakini nyingine zimetupwa uani. Zimeshika kutu, zinangoja mnunuzi wa chuma chakavu apite na mizani yake.

Madhumuni ya somo ni matatu. Kwanza, tujue mashine hizi zilitoka wapi na ni wafanyakazi gani waliziunda. Pili, tujifunze kuzikagua na kuzifufua. Tatu, tufikirie pamoja chombo kama hiki kina maana gani kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa kiwanda au wa shamba la chai.

1. Cherehani ilitoka wapi

Neno cherehani lina asili ya Kiajemi, nalo linatokana na neno lenye maana ya gurudumu. Mashine yenyewe ilitoka Ulaya na Marekani. Mwaka 1830 fundi cherehani Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya uvumbuzi wake. Akafungua karakana Paris yenye mashine zipatazo 80, za kushona sare za jeshi. Mwaka 1831 mafundi wa mkono waliivamia karakana ile na kuzivunja mashine, kwa kuhofia kunyang'anywa riziki yao.

Tusiwacheke mafundi wale. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Kosa lao ni kwamba waligombana na chuma, wakati swali lilikuwa juu ya mwenye chuma: nani anaimiliki mashine, na faida yake inakwenda kwa nani?

Mwaka 1846 Elias Howe wa Marekani alipata hati ya mashine inayoshona kwa nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini. Mwaka 1851 Isaac Singer alipata hati yake. Kampuni ya Singer ilianza mwaka 1856 kuuza mashine kwa malipo ya awamu: mtu anatanguliza fedha kidogo, anachukua mashine, na kila mwezi analipa sehemu ya deni. Kwa njia hiyo cherehani iliweza kuingia hata katika nyumba za watu wa kipato kidogo.

Huku kwetu, Wajerumani waliifanya Gitega makao ya utawala wao mwaka 1912, na Kiswahili kilikuja na wafanyabiashara, askari na mafundi. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Tangu hapo mzigo mzito uliweza kusafiri kwa reli mpaka ziwani, kisha kwa meli mpaka Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura.

2. Wanawake kumi na wawili

Mashine nyingi za Singer zilizofika Afrika ya Mashariki ziliundwa Clydebank, Scotland. Kiwanda hicho kilijengwa katika miaka ya 1880, na mwaka 1911 kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 11,000.

Mwezi Machi mwaka huo wanawake 15 walikuwa wakipiga msasa na rangi makabati ya cherehani. Uongozi ukawapunguza wakabaki 12, nao wakatakiwa wafanye kazi ya wale watatu walioondolewa, huku malipo yao yakipungua. Tarehe 21 Machi 1911 wale 12 waliweka vitendea kazi chini. Wanawake wengine wapatao 2,000 wakatoka pamoja nao. Haikupita siku nyingi karibu kiwanda kizima kikasimama.

Mgomo ulidumu kama majuma matatu. Ulivunjwaje? Kampuni haikuzungumza na wafanyakazi kwa pamoja. Ilimpelekea kila mmoja kadi nyumbani kwake, ikimtaka aseme peke yake kama yuko tayari kurudi kazini. Mtu akiwa peke yake jioni, anaitazama kadi na anawatazama watoto wake, anajibu tofauti na vile ambavyo angejibu akiwa katikati ya wenzake. Kazi ilirudi tarehe 10 Aprili, na baadaye mamia waliachishwa, wakiwemo viongozi wa mgomo. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 1980.

3. Soma namba ya mashine yako

Tazama juu ya kitako cha mashine, upande wa kulia, karibu na mguu wa nguzo. Kama ni Singer ya zamani utakuta herufi na tarakimu zilizopigwa katika chuma. Herufi F ni ya Clydebank, kuanzia mwaka 1910 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Herufi Y ilifuata mpaka katikati ya miaka ya 1930. Baada ya hapo zikaja namba zinazoanza na E pamoja na herufi nyingine. Jina la aina ya mashine likiwa na herufi K, kama 15K au 28K, K hiyo ni Kilbowie, mahali kiwanda kilipokuwa.

Kwa hiyo, ndugu, ukikuta F za mwanzo, yawezekana unashika chuma kilichopita mikononi mwa watu wa mgomo ule. Andika namba hiyo katika daftari. Itakusaidia pia kuitambua mashine yako ikiibiwa.

4. Kuikagua kabla ya kununua

Usinunue kwa kupenda nakshi. Fuata utaratibu huu:

(a) Zungusha gurudumu taratibu kuelekea kwako. Likikataa, usilazimishe. Mara nyingi si ubovu, ni mafuta ya zamani yaliyoganda. Lakini tazama vizuri kama chuma kina ufa au pamevunjika. Ufa katika mwili wa mashine ni sababu ya kuiacha.

(b) Fungua mahali pa bobini. Aina ya 15 hutumia bobini ya mviringo na kikasha chake. Aina hii iliigwa sana Japani na China. Butterfly ya Shanghai ni ya ukoo huo, kwa hiyo vipuri vyake si vigumu kupatikana. Aina ya 27 na 28 ni tofauti. Hizo hutumia bobini ndefu nyembamba ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi, kinachokwenda mbele na nyuma. Kichombo hicho kikikosekana, utakitafuta kwa taabu. Ulizia kwanza kabla ya kutoa fedha.

(c) Tazama meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa yamelika na kuwa laini, kitambaa hakitasogea vizuri.

(d) Tazama visahani viwili vinavyobana uzi wa juu, pamoja na springi yake. Vidogo hivi ndivyo hupotea kwanza.

Mbao iliyooza, ukanda wa ngozi uliokatika na kutu ya juu juu visikutishe. Hivyo vinatengenezeka, na ni haki yako kuvitaja unapopatana bei.

5. Kuifufua

Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na moto na sigara, kwa sababu utatumia mafuta ya taa.

Siku ya kwanza, futa vumbi na toa nyuzi zilizojisokota ndani, hasa chini ya meno na mahali pa bobini. Kila skurubu unayofungua iweke juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio ule ule uliyoifungua. Kama una simu yenye kamera, piga picha kila hatua. Kama huna, chora. Tumia bisibisi inayojaa katika mdomo wa skurubu. Bisibisi ndogo huharibu mdomo, na skurubu zile si rahisi kuzipata.

Tia matone ya mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinapogusana na chuma. Iache ilale. Kesho yake jaribu gurudumu taratibu, ongeza mafuta, subiri tena. Mashine iliyokaa miaka 20 bila kazi ina haki ya kukudai siku tatu.

Ikishalainika, futa mafuta ya taa yote. Haya huyeyusha uchafu lakini hayalainishi chuma. Baada yake tia mafuta mepesi ya cherehani, tone moja kila mahali, kisha zungusha kwa dakika kadhaa. Usitumie mawese wala mafuta mengine ya kupikia. Siku ya kwanza mashine hukimbia vizuri, lakini baada ya muda mafuta hayo huganda kama gundi, na kazi yote inaanza upya.

Nakshi za dhahabu zifute kwa kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani tu. Spiriti huyeyusha rangi ya zamani, na msasa huondoa kabisa. Kutu ya sehemu zinazong'aa iondolewe polepole.

Mwisho weka sindano mpya. Kumbuka kanuni: mfereji mrefu wa sindano hutazama upande uzi unakoingilia, na uzi hutokea upande wa pili. Mashine nyingi zinazosemekana ni mbovu zimewekewa sindano kinyume. Shona kipande cha kitambaa, kisha kitazame. Uzi wa chini ukionekana juu, uzi wa juu umekazwa mno, ulegeze. Uzi wa juu ukining'inia chini, ukaze. Fundo likijificha katikati ya kitambaa, cherehani yako imefufuka.

6. Jihadharini na uongo wa zebaki nyekundu

Mwaka 2009 uvumi ulienea Saudi Arabia kwamba cherehani za zamani za Singer zina kitu kiitwacho zebaki nyekundu ndani yake, chenye uwezo wa kufichua hazina na kufukuza majini. Watu walitaja bei hadi riyali 200,000 kwa mashine moja. Polisi walifanya uchunguzi. Habari zile zilikuwa uongo mtupu.

Ndani ya cherehani mna chuma, mafuta na vumbi la nguo. Hakuna zebaki ya aina yoyote. Anayekuambia utoe kwanza fedha ili akutafutie mnunuzi wa mamilioni ni mwizi. Na anayevunja mashine ya mama yake kutafuta hazina ameivunja hazina aliyokuwa nayo.

7. Hesabu na umoja

Tuchukue mfano wa hesabu, si bei ya soko. Umenunua mashine mbovu kwa faranga 100,000. Vipuri 30,000, mafuta na sindano 5,000. Wengi wataishia hapo na kusema imegharimu 135,000. Je, siku tatu ulizofanya kazi? Ukizihesabu kwa 10,000 kila siku, gharama ya kweli ni 165,000. Mfanyakazi asiyeihesabu kazi yake mwenyewe atamlaumuje tajiri asipoihesabu?

Wachache wakiungana wanaweza kukusanya mashine tatu zilizokufa na kupata mbili zilizo hai, na ya tatu ikawa ghala la vipuri na darasa la vijana. Lakini waandike tangu mwanzo: mashine ni za nani, nani anazitumia siku ipi, fedha za matengenezo zinatoka wapi, na mmoja akihama atalipwa nini. Vikundi vingi huvunjika kwa sababu ya neno ambalo halikuandikwa.

Yafaa pia tuambizane ukweli. Cherehani si badala ya mshahara wa haki, wala si badala ya pensheni. Mwajiri asije akasema, "Mnazo cherehani nyumbani, nyongeza ya nini?" Na atakayekuletea vitambaa ushone usiku kwa malipo ya kila kipande, muulize uzi ni wa nani, sindano ikivunjika ni ya nani, na kipande kikikataliwa hasara ni ya nani. Uliza kabla ya kushona.

Hata hivyo iko tofauti kubwa. Mashine ya kiwandani, siku lango likifungwa, inabaki ndani na wewe unabaki nje. Cherehani ya mkono inabaki nawe. Haidai umeme, na vilima vingi vya Burundi havina umeme. Unaweza kuifungua kwa bisibisi moja, ukaielewa, ukamfundisha mwanao. Chombo unachokimiliki na unachojua kukitengeneza kinakupa nguvu ya kusema hapana siku ambayo hapana inahitajika.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Mafundi wa Paris wa mwaka 1831 walikuwa na njia gani nyingine? Mashine mpya ikiletwa kazini kwetu, tudai nini kabla haijaanza kufanya kazi?

2. Wanawake 12 wa Clydebank waliungwa mkono na maelfu. Je, idara moja kazini kwetu ikionewa, idara nyingine zitafanya nini?

3. Kadi zile zilipelekwa nyumbani kwa mtu mmoja mmoja. Ni kwa njia zipi leo tunaulizwa peke yetu jambo linalotuhusu sote?

4. Ni cherehani ngapi zilizolala katika nyumba za wanachama wetu? Nani anajua kuzitengeneza, na yuko tayari kumfundisha nani?

Kwa kikao kijacho, kila mwenye cherehani ya zamani nyumbani aandike namba yake na hali yake. Asiyekuwa nayo amuulize mzee wa jirani. Na kabla hujamwita mtu wa mizani, tia kwanza tone la mafuta, subiri mpaka kesho, ujaribu gurudumu.