Mtama Si Mgeni Malindi

Mkulima wa Ganze au Magarini ashauriwapo siku hizi kupanda mtama ekari nyingi, huenda akadhani aonyeshwa kitu kipya. Sivyo. Nafaka hii ilianza kulimwa upande wa mashariki ya Sudan yapata miaka 5,000 iliyopita, na pwani hii hii ilipata kuwa na mashamba yake mapana mno. Mji wa Malindi, uliokuwa umebaki magofu, ulikaliwa tena tangu mwaka 1861 kwa amri ya Sultani Majid wa Unguja, na haikuchukua miaka mingi majahazi yakawa yapakia mtama na ufuta wa huko kwenda Arabuni. Yapasa kukumbuka kwamba mikono iliyolima na kuvuna ilikuwa mikono ya watumwa. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yalimezwa na mwitu.

Mahindi ndiyo yaliyoshika nafasi, wala sababu yake si ya kustaajabisha. Hindi limevikwa maganda; suke la mtama li wazi, nalo lataka mtu juu ya dungu, teo mkononi, tangu alfajiri hata jioni. Watoto waliokuwa wakiamia ndege sasa wako shuleni, na huko ndiko mahali pao.

Lakini mahindi hayavumilii jua. Tangu vuli ya 2020 hata vuli ya 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na watu wa Ganze wanajua walivyoshinda njaa. Mtama hukunja majani yake, ukatulia mvua ikatikapo, na irudipo huendelea kukua. Aina iitwayo Gadam huvunwa baada ya miezi 3 hivi.

Basi mtu asipande kijishamba cha peke yake, maana hiyo ni karamu ya ndege. Majirani wapatane, wapande mbegu ya aina moja katika siku zile zile mvua zianzapo, mstari kwa mstari sentimita 75, mche kwa mche sentimita 20. Masuke yatakomaa pamoja, hasara itagawanyika, na zamu za kuamia zitakuwa fupi. Punje zikishakauka, wavune bila kukawia.

Tena mifugo isiachwe kuingia katika mtama mchanga, wala katika machipukizi yaotayo baada ya mavuno, kwa kuwa yana sumu iwezayo kumwua ng'ombe kabla mwenyewe hajafika. Katika mabua yaliyokauka vema hatari hiyo hupungua sana.