Dhoruba ya Jua na Ujumbe wa "Zima Simu"



Ndugu zangu katika imani, kila Jua linapochafuka, kwenye makundi yetu ya WhatsApp huingia ujumbe: zima simu usiku huu, mionzi ya angani itadhuru mwili. Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si fizikia. Lakini Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatufundisha kuhakiki habari, basi nikaingia maktaba.

Wakati mwingine Jua hurusha wingu kubwa la chembe zenye umeme. Kwa kawaida hutufikia baada ya siku moja hadi tatu, na likigonga uga wa sumaku unaoizunguka dunia, uga hutikisika. Hiyo ndiyo dhoruba ya sumaku. Mtikisiko huo huzalisha umeme ndani ya nyaya ndefu. Mwaka 1859, baadhi ya mafundi wa telegrafu nchini Marekani waliondoa betri na bado wakatuma ujumbe. Tarehe 13 Machi 1989, huko Quebec, Kanada, gridi ilianguka ndani ya sekunde 90 hivi. Watu milioni 6 wakakosa umeme kwa takriban saa 9. Mei 2024, matrekta ya Marekani yanayoongozwa na GPS yalipoteza mwelekeo katikati ya msimu wa kupanda.

Na mwili je? Sisi tulio ardhini tunakingwa na angahewa pamoja na uga huo huo. Wa kujihadhari ni wanaanga. Kuzima simu hakukingi chochote.

Wapo wanaosema: "Hata kama si kweli, si unatukumbusha Mungu?" Hapa tuitazame Sunna. Siku aliyofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), Jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Maneno hayo yaliitukuza nyumba yake mwenyewe, naye alikuwa na msiba, lakini hakuyanyamazia. Alifundisha kwamba Jua na Mwezi ni alama za Allah, havipatwi kwa kufa wala kuishi kwa mtu. Kisha akawaelekeza kwenye swala na dua.

Kumbe hofu ya Allah haijengwi kwa uongo. Ujumbe ule ukija tena, usiusambaze. Mweleze aliyeutuma, kwa upole. Na tujifunze kuijua kibla kwa jua na nyota: kwetu Uganda ni kaskazini, ukielekea kidogo mashariki. Simu ikikosea, swala haingoji.

Wabillahi tawfiq.