Nilimwita Mchawi kwa Sababu ya Kinyonga

Shangazi, mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipomiminika mpakani Rusumo, nilikuwa darasa la tano wilayani Biharamulo. Mwenzetu mmoja alifuga kinyonga. Alikuja naye shuleni, amemkalisha begani. Tulimwogopa, tukamwita mchawi, na hakuna aliyetaka kukaa naye dawati moja. Siku moja tulimnyang'anya yule kinyonga tukampiga mawe mpaka akafa. Mimi ndiye niliyeanza. Sasa naishi Ngara, na mwenzangu huyo amefungua duka hapa mjini. Tunasalimiana vizuri. Mke wangu anasema ya utotoni yameisha. Lakini juzi mwanangu kaja na kinyonga nyumbani, nikajikuta nimenyanyua fagio. Nifanyeje?
Msomaji, Ngara

Mwanangu, mkeo anakutakia amani, ila hapa sikubaliani naye. Kinyonga alikufa siku ile ile. Jina la mchawi, mwenzako alibaki nalo, na wewe unaijua Kanda yetu ya Ziwa: vikongwe wamekatwa mapanga kwa tuhuma hiyo hiyo, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu ya moshi wa kuni. Mtoto anayeitwa hivyo mbele ya darasa zima anajua watu wazima wenye jina hilo hufanywa nini. Ndiyo maana nakuomba uende dukani kwake ukamwombe msamaha.

Nenda jioni anapokaribia kufunga duka, uende peke yako. Usibebe zawadi. Taja jambo lenyewe: "Mimi ndiye niliyeanza kumpiga mawe kinyonga wako, na nilikuita mchawi. Nisamehe." Usiongeze kwamba mlikuwa watoto, hilo aliseme yeye, akipenda. Akinyamaza, nyamaza naye. Akisema hakumbuki, usimlazimishe kukumbuka, shukuru uondoke.

Sasa huyu wa nyumbani. Weka fagio chini. Kinyonga hana sumu. Akitishwa hujivimbisha, hupanua kinywa na kutoa mlio wa kufoka, basi, hana silaha nyingine ya maana. Chuchumaa na mwanao mmtazame: jicho moja linaangalia mbele, jingine nyuma, kila moja kivyake. Vidole vimegawanyika makundi mawili, viwili huku na vitatu kule, vikibana kijiti kama koleo. Ulimi unaweza kuwa mrefu kuliko kiwiliwili chake, nao hunasa panzi kabla hujapepesa macho. Naamini mwenzako aliyaona haya yote, na hakuwa na mtu wa kumsimulia.

Hata hivyo msimfuge. Kinyonga hunywa matone ya umande kwenye majani na hula wadudu walio hai. Ndani ya boksi hudhoofika na kufa. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayetaka kufuga mnyama wa porini. Msimvute kwa nguvu, maana hung'ang'ania. Mwekeeni kijiti mbele yake, apande mwenyewe, kisha mwanao amrudishe kwenye kichaka kile kile alikomtoa.

Mkiwa njiani atakuuliza kwa nini ulinyanyua fagio. Msimulie habari ya darasa la tano yote, na lile jina ulilompa mwenzako usiliruke.